Stempu ina tarehe, mtoto hana jina

Hii ni sehemu ya 6 ya mfululizo wetu wa historia ya vitu vya nyumbani. Wiki iliyopita tulimaliza habari za chandarua. Leo ni zamu ya picha ya mtoto. Ni ndefu kidogo, kwa hiyo kama unanyonyesha, kaa vizuri, mweke mtoto titini, tusome taratibu.

Kuna kitu watu wa mbali wanakikusanya kama wengine wanavyokusanya sarafu. Ni kadi ndogo, upana kama sentimita 6, urefu kama sentimita 10. Mbele kuna picha ya mtu: mama, askari, mtoto wa miaka mitatu aliyevalishwa gauni. Ukigeuza nyuma unakuta stempu ya kodi ya serikali imebandikwa, na juu ya stempu kuna mstari wa wino, au herufi mbili na tarehe. Picha hizo ni za Marekani, na zote zilitoka ndani ya miaka miwili tu: kuanzia 1 Septemba 1864 hadi mwisho wa Julai 1866.

Mimi sina hata moja. Ninazitazama kwenye kurasa za makumbusho na za Maktaba ya Bunge la Marekani, usiku nikiwa zamu na wodi imetulia. Nimezileta hapa kwa sababu kuna jambo zinatufundisha sisi wenye watoto, na nitalifikia.

KODI JUU YA SURA YA MTU

Stempu ya kodi unaijua. Ipo kwenye chupa ya bia na kwenye pakiti ya sigara. Ile miaka ya DVD za Bongo Movie, stempu ya TRA ilikuwa kwenye kava. Sasa fikiria umempeleka mwanao studio pale Bariadi mjini, kapigwa picha, halafu mpiga picha anakwambia: bei ni hii, na juu yake kuna stempu, maana picha ya mwanao inalipiwa kodi.

Ndivyo ilivyokuwa kule. Marekani ilikuwa kwenye vita ya wenyewe kwa wenyewe, iliyoanza 1861. Majimbo ya Kusini yalijitenga, yakitaka kuendelea na utumwa. Serikali ya Kaskazini ilihitaji pesa: bunduki, mishahara, chakula, hospitali za majeruhi. Mwaka 1862 ikaanzisha stempu za kodi zenye sura ya rais wao wa kwanza, George Washington, zikabandikwa kwenye hundi, mikataba, dawa za chupa, hata karata. Mwaka 1864 wakaziona na picha. Wakati huo watu walikuwa wanapiga picha kwelikweli, kwa sababu kila kijana aliyekuwa anakwenda vitani alitaka kumwachia mama yake sura yake, na yeye aondoke na sura za watoto wake mfukoni.

Kodi ilikwenda kwa bei ya picha. Picha isiyozidi senti 25, stempu ya senti 2. Zaidi ya senti 25 hadi 50, senti 3. Zaidi ya senti 50 hadi dola moja, senti 5. Machi 1865 wakaongeza stempu ya senti 1 kwa picha za bei ya chini kabisa, zisizozidi senti 10. Ukitaka kujua uzito wa pesa hiyo, askari wa kawaida wa Kaskazini alikuwa analipwa dola 16 kwa mwezi tangu katikati ya 1864. Picha moja ya senti 25 ilimla karibu nusu ya mshahara wake wa siku.

Mpiga picha ndiye aliyepaswa kubandika stempu, kisha aiharibu kwa kuandika herufi za jina lake na tarehe ya siku hiyo, ili isibanduliwe na kutumika tena. Wengi walifuata sheria. Wengine, kwa uvivu au kwa wingi wa wateja, walipiga mstari mmoja wa kalamu basi. Na serikali haikuwahi kuchapa stempu maalumu ya picha, kwa hiyo walibandika yoyote iliyokuwepo. Ndiyo maana unaweza kukuta mtoto mzuri wa watu, nyuma yake stempu imeandikwa "karata" kwa Kiingereza. Wakusanyaji wanazipenda hizo.

Wapiga picha walilalamika. Vita ikaisha 1865, na kodi ya picha ikafutwa kuanzia 1 Agosti 1866.

MBONA HABARI ZA MAREKANI?

Najua kuna mama ameshauliza hivyo. Jibu lipo kwenye kitambaa. Bibi zetu waliita merikani ile nguo nyeupe nzito ya pamba. Jina lilikuja na mzigo wenyewe. Wafanyabiashara wa Marekani, wengi wa mji wa Salem, walikuwa Zanzibar tangu mapema karne ya 19, na kitambaa chao kilipanda na misafara kutoka pwani hadi Unyamwezi na huku kwetu upande wa ziwa, kikibadilishwa na pembe za ndovu. Pamba yake ililimwa na watumwa wa majimbo ya Kusini, ikafumwa kwenye viwanda vya Kaskazini. Vita ile ile iliyowatoza akina mama kodi ya picha ndiyo iliyofanya merikani iadimike Zanzibar na nguo za nchi nyingine zichukue nafasi yake. Kwa hiyo tusiseme ilikuwa mbali.

PICHA ILITENGENEZWAJE

Hapa nesi ndani yangu anafurahi. Kadi hizi zilianzia Paris: mwaka 1854 Mfaransa aitwaye Disdéri alisajili namna ya kupata picha nyingi ndogo kwenye bamba moja la kioo, na bei ikashuka. Karatasi yake ilipakwa ute mweupe wa yai wenye chumvi, ikaachwa ikauke, kisha ikapitishwa kwenye maji yenye chumvi ya madini ya fedha, ile fedha ya pete na mikufu. Chumvi hiyo ikipigwa na mwanga inageuka nyeusi, na picha inatokea.

Dawa hiyo hiyo ilikuja kuingia wodi ya wazazi. Miaka ya 1880, daktari wa Ujerumani aitwaye Carl Credé alianza kudondoshea watoto wachanga tone la chumvi hiyo ya fedha machoni, ili wasipofuke kwa kisonono walichokipata njiani wakati wa kuzaliwa. Leo tunatumia mafuta ya tetrasaikilini. Lakini ukimwona nesi anampaka mwanao macho mara tu baada ya kuzaliwa, ujue kazi hiyo ilianza na dawa ya wapiga picha.

Kamera za wakati ule zilikuwa za polepole. Mtu alitakiwa atulie sekunde kadhaa bila kutikisika. Sasa wewe mwenye mtoto wa miezi minane niambie, unamtuliza vipi? Waligundua njia. Mama alikaa kwenye kiti, akafunikwa shuka au kitambaa kizito mwili mzima mpaka kichwani, mtoto akakalishwa mapajani, mikono ya mama imemshika kwa chini. Kwenye picha unaona mtoto amekaa juu ya kitu kama kochi lenye nguo. Ukiangalia sana unaona vidole. Picha za namna hiyo zipo nyingi mpaka wakusanyaji wamezipa kundi lake.

Nilipoziona mara ya kwanza nilicheka. Kisha nikakumbuka simu zetu. Picha mia tatu za mtoto, na mama yupo kwenye mbili, maana ndiye anayeshika simu.

KILE STEMPU INACHOSEMA NA ISICHOSEMA

Sasa tufike kwenye kiini. Picha nyingi za karne ile hazina maandishi yoyote ya familia. Mpiga picha aliweka jina la studio yake, kwa sababu ni biashara. Serikali iliweka stempu, kwa sababu ni kodi. Mama hakuandika kitu, kwa sababu alimjua mtoto wake. Aandike ya nini? Angemsahau?

Miaka 160 imepita. Mama hayupo, mtoto hayupo, wajukuu wa mtoto hawapo. Kadi imeuzwa mnadani pamoja na makabati ya marehemu. Aliyeinunua anaigeuza, anaona stempu ya senti 2 na tarehe ya mwaka 1865. Anajua picha ilipigwa lini. Anajua haikuzidi senti 25. Hata kama tarehe haipo, stempu peke yake inamwambia ni kati ya Septemba 1864 na Julai 1866. Akiona mtoto ni wa kama miaka mitatu, anahesabu kama sisi tunavyohesabu kliniki: alizaliwa 1861, 1862, au 1863. Anajua hayo yote, ila jina la mtoto halijui, na hatalijua.

Mimi hilo linanigusa. Aliyekuja kuchukua kodi ndiye aliyeacha kumbukumbu kuliko aliyezaa.

WATOTO WATATU WA GETTYSBURG

Kuna kisa kimoja ambacho jina lilipatikana.

Julai 1863 kulikuwa na mapigano makubwa mji wa Gettysburg, jimbo la Pennsylvania. Yalipoisha, alikutwa askari mmoja wa Kaskazini amekufa. Hakuwa na karatasi wala kitu cha kumtambulisha. Mkononi alikuwa ameshika picha ya kioo ya watoto watatu, wawili wa kiume na mmoja wa kike. Inaonekana alipojua anakufa aliitoa ili awaangalie.

Picha ile haikuwa na jina. Ilipita mkono kwa mkono mpaka kwa daktari wa Philadelphia, Dkt. John Francis Bourns, na yeye akaamua kuitafuta familia. Magazeti ya wakati huo hayakuwa na uwezo wa kuchapa picha. Kwa hiyo tarehe 19 Oktoba 1863 gazeti la Philadelphia likaieleza picha kwa maneno tu: watoto ni wangapi, wana umri gani, wamekaaje, na kwamba nguo ya mvulana mkubwa imeshonwa kwa kitambaa kimoja na gauni la dada yake. Habari likauliza: huyu alikuwa baba wa nani? Magazeti mengine yakaichukua.

Katikati ya Novemba ikamfikia mwanamke wa kijiji cha Portville, jimbo la New York, aitwaye Philinda Humiston. Alikuwa hajapata barua ya mumewe tangu kabla ya mapigano. Yeye mwenyewe ndiye aliyempelekea mume picha ya watoto. Akaomba nakala, ikaja, akaangalia. Ndiyo. Frank, Alice na Frederick. Sajenti Amos Humiston alikuwa amekufa miezi minne na nusu iliyopita, na mkewe alijua hivyo kwa picha ya watoto wake.

Mama aliyeshona nguo za wanawe ataelewa. Huenda alikata vipande viwili kwenye mtumba mmoja wa kitambaa, akamshonea huyu na huyu. Laiti kipande hicho kingekuwa tofauti, sijui kama angeamini.

Baadaye picha ya watoto hao ilitolewa kwenye kadi ndogo na kuuzwa ili kupata pesa za yatima wa vita. Zilizouzwa baada ya 1 Septemba 1864 zilipaswa kubeba stempu kama nyingine. Yaani mnunuzi alichangia yatima kwa mbele, na nyuma akachangia vita. Mwaka 1866 kituo cha yatima kikafunguliwa pale pale Gettysburg, na Philinda na wanawe wakahamia huko. Mwisho wake haukuwa mzuri. Kilifungwa 1877 baada ya tuhuma za watoto kuteswa na fedha kuliwa. Siwafichi, historia haimaliziki kama filamu.

Lakini angalieni hesabu. Jina la Amos lilipatikana kwa bahati, kwa daktari asiyechoka, kwa magazeti ya miji kadhaa, na kwa mke mwenye kumbukumbu. Maneno matatu ya kalamu ya risasi nyuma ya picha yangeokoa miezi minne.

NA MWANAMKE ALIYEUZA PICHA ZAKE MWENYEWE

Wakati huo huo alikuwepo Sojourner Truth, mwanamke mweusi aliyezaliwa utumwani New York, akapata uhuru, na alipojua mwanae Peter ameuzwa Kusini kinyume cha sheria, akaenda mahakamani akashinda, 1828. Hakujua kusoma wala kuandika. Lakini miaka ya 1860, alipokuwa mzee, alipiga picha akiwa amevaa miwani, mara nyingine ana sufi ya kufuma mkononi, akaziuza kwenye mikutano yake ili apate riziki na nauli. Na alihakikisha jina lake limechapwa kwenye kadi. Leo kadi zake zinajulikana mara moja. Asiyejua kusoma ndiye aliyeona umuhimu wa jina kuandikwa.

HUKU KWETU PWANI

Picha hazikuchelewa kufika Afrika Mashariki. Zanzibar ilikuwa na wapiga picha wenye asili ya Goa, kama Gomes na Coutinho, na kazi zao zilisambaa duniani kwenye kadi za posta. Kodi ya picha kama ya Marekani siijui huku, lakini kadi za posta zina stempu ya posta na muhuri wenye tarehe. Mkusanyaji anaweza kukwambia kadi ilitumwa mwezi gani, kutoka Zanzibar au Dar es Salaam, kwenda Ujerumani au Uingereza.

Na mwanamke aliye kwenye picha, amesuka nywele vizuri, ana vipini masikioni, amejifunga leso? Chini wameandika "mwanamke wa Kiswahili" kwa Kiingereza au Kijerumani. Basi. Alikuwa mama wa mtu. Tunajua bei ya stempu na hatujui aliitwa nani.

Tofauti ipo kwa waliokuwa na nafasi. Binti wa Sultani Said, Sayyida Salme, aliondoka Zanzibar Agosti 1866, mwezi ule ule kodi ya picha ilipofutwa Marekani. Akaolewa na Mjerumani, akaitwa Emily Ruete, na huko Hamburg akapigwa picha kavaa mavazi ya kwao. Jina lake tunalo kwa sababu alikuwa binti wa Sultani na kwa sababu aliandika kitabu cha maisha yake, kilichotoka 1886. Wengine wote, wasiokuwa na ikulu wala kitabu, walihitaji mtu mmoja tu wa kuwaandika.

SASA TUONGEE SISI

Huku Migato na Itilima yote, bibi zetu wengi walizaliwa mwaka wa njaa, mwaka wa nzige, au karibu na Uhuru. Wakija wodini, kwenye kadi wameandikiwa 01/01. Hakuna aliyewaandika walipozaliwa. Wanetu tunao uwezo wa kuwaandika, na bado hatuandiki.

Picha zipo kwenye simu. Simu ikianguka kwenye maji, ikiibiwa mnadani, ikifa chaji na haiwaki tena, miaka miwili ya mtoto imekwenda. Nimewahi kuhudumia mama aliyepoteza mtoto wa wiki tatu, na alichobaki nacho ni picha moja aliyotumiwa na wifi yake. Aliiosha studio. Nikamwomba jambo moja tu: andika jina lake nyuma. Akaniambia hawakuwa wamemaliza kukubaliana jina. Tukakaa naye, akaamua, akaandika. Mtoto ana jina.

Kwa hiyo naomba mambo haya, si magumu:

1. Kila mwaka osha angalau picha moja ya kila mtoto. Siku ya kliniki ya miezi 9, ya chanjo ya surua, ni siku nzuri ya kuanza.

2. Nyuma andika jina kamili la mtoto, majina ya wazazi wote wawili, tarehe, mahali. Kama kuna watu wengine, waandike kutoka kushoto kwenda kulia.

3. Tumia kalamu ya risasi, pembeni, bila kukandamiza. Peni inabonyea hadi mbele na wino unavuja. Kama karatasi ni ya plastiki na penseli haishiki, andika kwenye bahasha ya karatasi na picha ikae humo.

4. Usiibandike kwa gundi ukutani karibu na jiko. Moshi na jua vinaila. Iweke kwenye kopo lenye mfuniko, mchwa na panya wasifike.

5. Ipige picha kadi ya kliniki ya mtoto, kurasa zote, umtumie mtu mmoja unayemwamini. Kadi ikipotea, tarehe za chanjo hatuzikisii.

6. Kama bibi yupo hai, mtolee picha za zamani leo hii, muulize huyu ni nani na yule ni nani, uandike. Usingoje msiba.

7. Na wewe mama, toka nyuma ya kamera. Mpe baba simu, au jirani. Mwanao atataka kukuona siku moja.

Ukikuta picha ya zamani yenye stempu au muhuri nyuma, ya aina yoyote, usiibandue na usiioshe kwa maji. Tarehe hiyo inaweza kuwa ndiyo habari pekee iliyobaki.

Sehemu ya 7 itakuwa ya mbeleko, maana mmeniomba sana. Kwa leo, anayeweza aniandikie hapo chini: picha ya zamani kuliko zote nyumbani kwenu ni ya nani, na je, jina lake limeandikwa?